Kisu cha mzamiaji wa uokoaji: anza na ala, chuma kije baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mwanza, Kirumba, kwenye kikundi cha vijana tunaojitolea kuzamia na kusaidia uokoaji ziwani. Nimempata mhunzi mzuri hapa mjini, yuko tayari kunitengenezea kisu changu mwenyewe cha kuzamia. Anapendekeza chuma cha springi ya lori, makali pande zote mbili na ncha kali kama jambia, mpini wa mpingo wenye pete ya shaba. Nitakifunga mguuni, kwenye shavu la mguu. Pia tunataka achonge jina la kikundi kwenye bapa. Kitafaa? Na kama hakifai, nimwambie afanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhunzi wako namheshimu kabla sijamwona, maana siku hizi si wengi wanaoweza kufua springi na kuitia matiko (kuipasha moto na kuipoza ghafla iwe ngumu) ikashika. Ila anakutengenezea silaha, na wewe unahitaji kifaa cha kukatia kamba gizani.

Fikiria kazi yenyewe. Uko chini, maji ya Ghuba ya Mwanza yametibuka, ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Mkono mmoja umeshika kamba inayokuunganisha na mwenzako aliye juu, au umemshika mtu. Kitu kimekunasa nyuma ya bega, kwenye valvu ya mtungi. Hapo kisu kina mambo matano ya kupita kwa kufuatana: ukipapase ukipate, ukichomoe kwa mkono mmoja, ujue makali yametazama wapi, ukate, kisha ukirudishe mahali pake. Chuma kizuri kinasaidia kwenye kukata tu. Mengine yote yanaamuliwa na ala, umbo la mpini na mahali ulipokifunga. Ningekuwa wewe ningeagiza kwa mpangilio huo huo: mahali, ala, mpini, halafu ndiyo bapa. Fundi atacheka, mwache acheke.

Basi tuanze na mguu. Mtindo wa kufunga kisu mguuni tumeurithi kwenye sinema na picha za wazamiaji wa zamani. Wavu uliotelekezwa ziwani hukamata kwanza kitu kilichochomoza: valvu, vifungo vya mapezi, na hicho kisu chako. Ukishanaswa miguu, kisu nacho kimo ndani ya wavu, na kukifikia lazima ujikunje ukiwa na mtungi mgongoni. Ndani ya chombo kilichopinduka, kati ya viti na dari, kujikunja hivyo huenda kusiwezekane kabisa. Kisu kikae kifuani au kiunoni mbele, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto vyote vinafika.

Mahali penyewe pasipimwe kwa kubahatisha. Vaa vifaa vyote nchi kavu, jaketi la kuelea likiwa limejazwa hewa kiasi. Paka vidole vya mkono wa kushoto chaki nyeupe na vya mkono wa kulia mkaa, funga macho, kisha mwenzako akwambie “kisu” mara kadhaa huku unabadilisha mkono na mkao: umesimama, umelala kifudifudi, umejipinda. Vua uangalie. Pale chaki na mkaa vilipochanganyikana ndipo ala itakapofungwa. Kwa wengi huwa ni kwenye mkanda wa kifuani upande wa kushoto, au kwenye mkanda wa kiuno karibu na kitovu, lakini mwenye tumbo na mwenye mikono mifupi hupata jibu lao. Mkifanya zoezi hili kikundi kizima mtaona mnatofautiana, na kama vifaa mnaazimana, kubalianeni mahali pamoja panapowafaa wote.

Sasa ala. Plastiki maalumu ambazo mafundi wa Ulaya na Marekani hutumia kukunja ala hazipatikani kirahisi kwetu, na huzihitaji. Nunua kipande cha bomba la maji la PVC la inchi mbili, lile nene la presha. Lipasue kwa urefu, lipashe moto taratibu ndani ya oveni au kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto. PVC huanza kulainika ikifika kwenye nyuzi 80 hivi, na ikikaribia 100 unaikunja unavyotaka. Usiiweke kwenye ndimi za moto. Ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaokula mapafu, na huwezi kuzamia kwa mapafu yaliyoungua. Zungushia bapa la kisu utepe wa gundi mara moja ili ibaki nafasi kidogo, funika na PVC iliyolainika, kisha bana katikati ya mbao mbili zenye vipande vya godoro. Ikipoa itakuwa imeshika umbo la kisu.

Kazi ya akili iko kwenye mdomo wa ala. Pale mpini unapoanzia, bonyeza PVC ingali na joto ili iingie kidogo kwenye kiuno cha mpini, mpaka kisu kikiingia usikie “tak”. Kisu kikiingia, geuza ala mdomo chini, itikise kwa nguvu, ruka nayo ngazi mbili tatu. Kikianguka, pasha moto ubonyeze tena. Kisipoanguka, jaribu kukitoa kwa kusukuma ala kwa dole gumba la mkono ule ule ulioshika mpini. Ukihitaji mkono wa pili kushikilia ala, imebana mno. Toboa tundu la milimita nane hivi chini kabisa, maji na mchanga vitoke. Mimi huongeza pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli inayopita juu ya mpini na kuondolewa kwa kidole. Haipendezi, ila ala ikichoka baada ya miaka pete ndiyo inayozuia kisu kisibaki ziwani.

Kuna watakaokuambia ufunge kisu kwa kamba kwenye kiganja. Usifanye hivyo. Unaingia kwenye nyavu ukiwa umejifungia kitanzi mkononi, na kisu kikikuponyoka kinaning'inia na kuyumba makali nje karibu na mpira wako wa hewa. Kama unaogopa kukipoteza, na ni haki yako kuogopa, kifunge kwenye jaketi kwa kamba fupi inayofika urefu wa mkono tu, na mwisho wake upitishe kwenye ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu utakaokatika ukiuvuta kwa nguvu zako zote.

Umbo la bapa. Ncha ya jambia iondoke. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai siku mbili baadaye, ndani ya chombo kilichokuwa tumbo juu. Ukifika alipo mtu kama huyo, humwoni. Unamkuta kwa mkono, naye atakushika popote atakapoweza kukushika. Kilichoutangulia mkono wako kisiwe ncha. Zaidi ya hapo, jaketi lako la kuelea ni mfuko wa hewa, na mipira yako ya hewa imepita pale pale kifuani ambako sasa unataka kukaa kisu. Mwambie fundi ashushe mgongo wa kisu kwa mviringo mwishoni ukutane na makali, ncha iwe butu ya kusukumia, mtu akiisukumiza kwenye kiganja isimchome.

Makali upande mmoja tu. Mara nyingi utakata kwa kuweka dole gumba juu ya mgongo na kusukuma, na mgongo wenye makali utakukata wewe. Upande wa mgongo una kazi nyingine nitakayoifikia.

Wengine hutaka kisu kiwe pia mtaimbo wa kubandulia milango. Bapa linalokata vizuri ni jembamba, na kitu chembamba ukikibandulia kinavunjika. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliookoka walikuwa 24, na wavuvi ndio waliofika wa kwanza. Mlango wa nyuma mvuvi kijana aliushughulikia kwa kasia. Chukueni mtaimbo mfupi kwenye mashua yenu, ukae hapo, kisu kiachiwe kukata.

Na kinakata nini? Hili ndilo linaloamua makali, na kila kitu kina tabia yake. Kamba nene ya plastiki ya kufungia mashua, au ya katani, inataka meno. Makali laini huteleza juu ya nyuzi zilizolowa, meno huziuma. Mkanda wa kiti cha gari au cha ndege umesukwa kwa nyuzi nyingi sana, unakatwa vizuri na makali yoyote makali mradi umevutwa ukakaza. Nyuzi za kisasa zenye nguvu kubwa, zile laini zinazoteleza mkononi kama zimepakwa nta, zinataka makali yenye mkwaruzo, kwa hiyo usimalizie kunoa kwa jiwe laini mpaka ukajiona usoni. Jiwe la namba 400 au msasa wa namba hiyo unatosha, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande.

Adui mkubwa kwenye maji yenu ni wavu wa nailoni ya uzi mmoja, ule unaong'aa kama kioo. Ukikazwa, wembe wowote unaukata. Ukilegea, unaukimbia wembe. Unasukuma makali, uzi unasogea na maji, unasukuma tena, unasogea tena, na kila ukijipinda unajizungushia mwingine. Ungekuwa na mikono miwili ungeushika kwa mmoja na kuukaza, lakini mkono wa pili tumeshasema uko wapi. Dawa yake ni kulabu kwenye mgongo wa kisu, karibu na ncha. Ni mfereji uliokatwa kwa mshazari kuelekea upande wa mpini, mdomo wake milimita nne hadi tano ili kidole kisiingie, na ndani ukutani umenolewa. Unasukuma kisu mbele pembeni ya mwili, unakivuta nyuma, uzi unaingia mfereji wenyewe, unakazwa na mvuto wako na kukatika. Unarudia. Unakata wavu mzima bila kuuona hata uzi mmoja.

Mwisho wa mfereji huo uwe wa mviringo, usiwe kona. Kona ndiyo mahali chuma huanzia kupasuka, ama wakati wa kutiwa matiko ama siku yenyewe ya kazi. Toboa tundu kwanza, kisha kata kulifuata tundu. Kunoa ndani zungushia msasa kwenye kijiti chembamba. Na hakikisha ala inaifunika kulabu yote, la sivyo utakuwa umejitengenezea kitu cha kukunasa badala ya kukunasua.

Vipimo vyangu kwa mkono wa kawaida: urefu wote sentimita 20 au 21, bapa sentimita 8 hadi 9, upana 3, unene milimita 2.5 hadi 3. Meno yakae nusu ya bapa iliyo karibu na mpini, ambako mkono una nguvu zaidi, yachongwe upande mmoja tu. Nusu ya mbele ibaki makali laini. Kabla ya kukata chuma chochote, chonga mfano wa mbao wa vipimo hivyo, utieni kwenye ala ya majaribio na mzamie nao. Mbao inaelea, kwa hiyo muufunge kwa uzi. Mtabadilisha mawazo kuhusu mpini, naahidi.

Tumefika kwenye chuma, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mhunzi wako atakapobisha. Springi ya lori ni chuma chema, kina kaboni karibu asilimia 0.6, kinashika makali na hakivunjiki ovyo. Kromiamu yake haifiki asilimia 1, na stenlesi ya kweli inahitaji asilimia 11 hadi 12 kwenda juu ndipo ijijengee ile ngozi nyembamba ya oksidi inayozuia kutu. Utaniambia Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Kweli, na wavuvi wenu wanatumia visu vya springi miaka nenda rudi. Lakini mvuvi anatumia kisu chake kila siku na kutu haipati muda. Kisu cha uokoaji kinalala kwenye begi lenye unyevu wiki na miezi, kisha siku moja kinahitajika kwa dakika mbili. Kinaozea kwenye ala. Kutu hula kwanza sehemu nyembamba, yaani makali na vilele vya meno, na hapo ndipo ulipokuwa unategemea. Na wewe kesho unaweza kuitwa Dar es Salaam au Tanga kwenye maji ya bahari yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Huko springi utaiona inabadilika rangi kabla hujamaliza kukunja vifaa.

Basi tumia stenlesi, ila si stenlesi yoyote. Ile ya masinki, matenki ya maziwa na vyombo vya hoteli haishiki matiko hata uichome vipi, utapata kijiko chenye umbo la kisu. Beba sumaku sokoni: stenlesi ya masinki kwa kawaida haivutwi, au inavutwa kwa uvivu, na ile ya visu hunata kwa nguvu.

Mafundi wenye tanuru ya umeme huagiza AEB-L ya Sweden, chuma kilichobuniwa kwa ajili ya nyembe, au N690 ya Austria. Kwa bahari kuna vyenye nitrojeni nyingi kama LC200N, ambavyo kutu inahangaika navyo sana, na tangu 2021 kuna MagnaCut inayosifiwa, kwa haki, kwa kushika makali na kukataa kutu kwa pamoja. Vyote hivi vinatiwa matiko kwenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, AEB-L ikiwa karibu 1,070, na joto hilo lishikwe kwa dakika kadhaa bila kuyumba, kisu kikiwa kimefungwa ndani ya karatasi ya stenlesi kisiguswe na hewa. Kisha kipozwe haraka katikati ya vibao viwili vya alumini, halafu kipashwe tena kwa nyuzi 175 hadi 200. Mkaa na mivukuto havitoi hali hiyo, hata fundi awe na jicho la namna gani. Na kuna mtego: ukikipasha mara ya pili kwa joto kubwa, tuseme 450 au 500, kromiamu inajifungia kwenye kabaidi (chembe ngumu za kaboni na metali), ile ngozi ya kinga inapungua, na stenlesi yako ya bei inaanza kushika kutu.

Kwa hiyo kwa mtu aliye Mwanza na mhunzi wa mkaa, ushauri wangu ni mwingine kabisa. Nunua kisu kikubwa cha buchani cha Ujerumani au Uswisi, bapa sentimita 25 hadi 30, mgongo mnene kadiri utakavyopata. Vingi vinatengenezwa kwa stenlesi yenye kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu 14 au 15. Kiwanda kimeshakitia matiko kwa tanuru bora kuliko utakayoipata, ugumu wake ni kama 55 au 56 kwa kipimo cha Rockwell, na huo ndio tunaoutaka: kinanoleka kwa jiwe la kawaida na hakimeguki meno. Mwambie fundi akate kisu chako chote, bapa na msuka wake (sehemu inayoingia kwenye mpini), kutoka ndani ya bapa hilo kubwa.

Hapo ufundi wake unahitajika kuliko kwenye kufua. Asitumie moto hata kidogo. Akate kwa diski nyembamba ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwani chembe za chuma zikibaki zimejipandikiza kwenye bapa zitaota kutu, nawe utadhani umeuziwa feki. Asage bila glavu, kisu kikiwa mkononi, na akichovye kwenye ndoo ya maji kila kinapoanza kumchoma. Makali yakigeuka kahawia au buluu, matiko yameondoka hapo, asage mpaka aipite rangi hiyo. Tupa itahangaika kwenye chuma kigumu hivyo, kwa hiyo meno ayachonge kwa jiwe dogo la mviringo kwenye mashine ya mkono, na matundu ya mpini atoboe kwa biti ya kabaidi, taratibu, akidondoshea mafuta. Mwisho apige msasa mpaka mikwaruzo mikubwa yote itoke, kwa sababu mkwaruzo ni mfereji wa kukalia chumvi. Bapa lililosafishwa hivyo liloweke nusu saa kwenye maji ya moto kiasi yenye asidi ya sitriki, ile ya unga ya watengeneza juisi, gramu 100 kwa lita, halafu lisuuze na kulikausha. Asidi inaondoa chembe za chuma zilizobaki juu na kuipa stenlesi nafasi ya kujifunika.

Titaniamu umeisikia bila shaka. Haipati kutu kabisa baharini, lakini ni laini, makali yake huisha upesi. Yenye meno inafaa kwa kamba. Kwa bei yake, waachie wenye bajeti.

Mpini wa mpingo, hapana, na ninasema hivyo nikiupenda. Ni mgumu, mzito, unazama, unavumilia maji kuliko mbao nyingi. Hata hivyo mti unavimba na kusinyaa, chuma hakifanyi hivyo, na baada ya muda mwanya mwembamba hufunguka kati yao. Maji yanayolala kwenye mwanya huo hayana oksijeni ya kutosha kuihuisha ngozi ya stenlesi, na kutu inachimba pale usipopaona. Tena mpingo uliong'arishwa, ukipata utelezi wa samaki, unaponyoka. Pete ya shaba nayo iondoke. Shaba ikigusana na stenlesi ndani ya maji ya chumvi, shaba ndiyo inayoliwa. Ziwani itachukua muda mrefu, baharini hutangoja sana.

Tengeneza mpini wa kitambaa na epoksi. Suruali ya jinzi iliyochoka, kata vipande, lowesha kila kipande na gundi ya epoksi ya mafundi wa boti za faiba, panga tabaka kumi hadi kumi na mbili, bana kwa klampu kati ya mbao zilizofunikwa nailoni, acha usiku kucha. Unapata kibao kigumu kisichooza wala kuvimba kama mti, na uso wake ukiachwa na msasa wa namba 120 unashika mkono hata ukiwa umelowa. Vumbi lake ni baya, fundi avae barakoa na asage nje. Vibao viwili vibanwe kwa epoksi na ribiti za stenlesi, epoksi ikijaa hadi pembezoni pasibaki mwanya.

Ukubwa wa mpini usiogope kuuongeza. Mikono iliyolowa na yenye glavu inataka mpini wa sentimita 11 au 12, mnene kuliko unavyodhani dukani. Upande wa makali uwe na bonde moja la kidole cha shahada, moja tu, ili kidole kikitua hapo ujue makali yako chini. Mgongoni pale dole gumba linapokaa pawe na mikwaruzo. Usifanye mpini wa mviringo kamili, kwa sababu ukiushika gizani hujui umegeukia wapi. Rangi chagua ya njano au ya chungwa inayowaka. Nyekundu inapendeza dukani, lakini maji huila kwanza, ukishuka mita kumi hivi kwenye maji safi inaonekana kama nyeusi, na kwenye maji yenu mapema zaidi.

Kabla hujakiamini, kijaribu kwa ukatili. Loweka kitambaa kwenye maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, kizungushie kisu kizima pamoja na mpini, kifunge kwenye mfuko wa nailoni siku tatu. Madoa mepesi yanayofutika kwa kidole si neno. Vishimo, hasa kwenye mizizi ya meno na pembeni mwa ribiti, maana yake kuna mahali pamesagwa kwa moto au hapakusafishwa. Kisha pata kamba ya milimita 12, mkanda wa kiti cha gari kutoka kwa wauza spea chakavu, na kipande cha wavu uliolegea, viweke ndani ya pipa la maji, fumba macho, vaa glavu, kata kwa mkono mmoja. Rudia kwa mkono wa kushoto. Kamba ikatike kwa mvuto mmoja au miwili.

Kingine, kabla ya hata kumlipa mhunzi senti, nunua mkasi wa huduma ya kwanza wenye ncha butu, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba. Unakata nguo, mkanda na hata waya mwembamba wa ndoano ambao kisu hakitaugusa. Ukae upande wa pili wa kifua, kwenye ala yake. Kisu ni cha kwanza, mkasi ndio akiba, na kuna siku itakuwa kinyume. Cheki ribiti ya katikati kila mwezi, mikasi ya bei rahisi huganda hapo.

Kisu chenyewe baada ya kila kuzamia kisuuze kwa maji safi nje ya ala, na ala isuuzwe peke yake, vikauke mbalimbali. Paka mafuta mepesi yasiyo na harufu au grisi ya silikoni. Epuka mafuta yanayolainisha mipira ya vifaa vyako. Kikihifadhiwa muda mrefu, kisikae ndani ya ala.

Na mhunzi usimnyime kazi yake. Mwagizie kisu cha springi cha kukaa kwenye mashua, kizito, kirefu, cha kukatia kamba ya nanga na nyavu juu ya ukingo. Hicho akitie matiko kwenye mafuta, si kwenye maji, baada ya kuipasha springi mpaka isishikwe tena na sumaku na kidogo zaidi ya hapo, kisha akipashe nyuzi 200 hadi 230 mara mbili. Kwanza aichunguze springi kwa jicho na kioo cha kukuza, kwani iliyobeba mizigo miaka mingi inaweza kuwa na nyufa za uchovu zisizoonekana mpaka bapa litakapopasuka.

Kuhusu jina la kikundi, asilichonge kwenye bapa. Herufi zilizopigwa kwa patasi ni mitaro midogo, na mitaro hiyo ndiyo kutu itakayoanza nayo. Ziandikeni kwenye ala kwa rangi ya mafuta. Kwenye kisu chenyewe inatosha namba ya kukitambua, ichongwe upande wa mpini kwenye kile kibao cha jinzi, mahali ambapo mkono ukipita utaisoma kwa kidole.